Wasomali wa mtaani kwetu mchele wanao, mtu wa kwenda nao kaunta ndio hawana

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum na poleni na kazi. Kuna msomaji aliandika kwenye ukurasa huu juzi juzi akasema hivi vyama vya mtaani vya kusaidia Wasomali vifungwe vyote, ati vinafuga wageni mjini, na kila mkimbizi arudishwe kambini Dadaab akalishwe na UN huko. Nimeisoma, nikaikunja nikaiweka chini ya cherehani, lakini imenikera kutwa nzima kwa hivyo naomba nafasi kidogo.

Mimi si Msomali, nalisema mapema wasije watu wakaanza. Ni Mswahili wa hapa hapa Bondeni, Mombasa, nashona na kuuza mabuibui, na hicho chama cha mtaani kwetu nimo, mimi ndio naandika daftari manake mwenyekiti ni mama wa kutoka Kismayu, Somalia, ambaye hesabu yote anaiweka kichwani na siku akiumwa yeye tumekwisha. Chama chenyewe hakina jengo wala bango. Tuko kina mama na vijana watatu wanne wa chuo, twakutana baraza ya nyumba moja baada ya alasiri, mwenye mia mbili atoa, asiye nayo atoa miguu yake, na kuna group ya WhatsApp ambayo wallahi haina usiku haina mchana. Hao ndio wanaofuga wageni.

Lakini kuna mahali mimi na huyo msomaji twakaribiana bila yeye kujua, manake hata mimi naona misaada hii imekaa upande. Ikikaribia Ramadhani hapa kwetu hapapitiki. Magunia ya mchele, tende, mafuta ya kupikia, unga, kila mtu na lori lake na fulana zake, mheshimiwa huyu asubuhi, mheshimiwa yule jioni, kina mama wapangwe foleni wapigwe picha wakishika mfuko wa sukari. Allah awalipe, chakula ni chakula na hakuna anayekataa. Ila Ramadhani ikiisha ikaingia Mfungo Mosi, ukiwapigia simu hao hao uwaambie kuna mama yuwataka nauli ya tuktuk na mtu wa kumsindikiza hospitali, simu haishikwi. Mwaka jana kuna nyumba ilikuwa na magunia ya mchele mpaka mlangoni na mwenye nyumba hajaenda kliniki kwa sababu hajui atamwambia nini nesi wa pale mbele.

Na hilo ndilo nataka kulisema, mengine yote ni nyongeza. Kinachowamaliza hawa watu hapa mjini ni kaunta. Kaunta ya hospitali, kaunta ya skuli, ya chifu, ya stesheni ya polisi, ya ofisi ya wakimbizi. Mtu ana haki yake na karatasi yake mkononi lakini hana mdomo.

Nikupe moja niliyoiona kwa macho yangu. Kuna mama alikuwa amejifungua kama mwezi na zaidi na damu haijakata. Nilikwenda naye mimi hospitali moja hapa mjini kwa sababu siku hiyo hakukuwa na mwengine, na mimi Kisomali changu ni salamu na bei za vitambaa, basi akaja na mwanawe wa gredi ya tatu, bado ana sweta ya skuli, ndiye atafsiri. Daktari kijana, mpole, akauliza damu ni nyingi kiasi gani, inatoka na mabonge ama vipi. Yule mtoto akaniangalia, akaangalia feni, akamwambia mamake kitu kifupi sana. Mama akajibu maneno marefu kweli na mikono juu. Mtoto akamgeukia daktari akasema, anasema tumbo. Tumbo tu. Daktari akaandika tumbo. Nikasema hapana, hapo pana kitu, nikampigia mwenyekiti nikaweka simu spika juu ya meza ya daktari, ndio yakatoka yote, kumbe ni damu siku zote hizo na kizunguzungu na alishaanguka jikoni, na ni mara ya pili anakuja, mara ya kwanza alipewa dawa za tumbo akarudi nazo nyumbani. Alilazwa siku hiyo hiyo. Mtoto alikaa kwenye benchi nje amejifunika uso na sweta, sijui aliona aibu ama alifikiri ni yeye aliyemuua mamake, nilimnunulia soda hakunywa.

Sasa nani wa kulaumiwa hapo? Daktari alifanya kazi yake. Mtoto wa miaka tisa kumwambia mwanamume mgeni habari za damu ya mamake, nani kati yetu angeweza? Kamati ilikaa jioni yake tukapitisha kwamba mtoto hapelekwi tena kutafsiri, na tukaanza kuandika majina ya watu wanaojua lugha mbili na simu zao na saa wanazoweza. Hiyo karatasi ndiyo mali ya chama, ukiniuliza mimi. Na ni fupi sana.

Tena watu wakisikia Kisomali wafikiri ni kimoja. Waliotoka upande wa Baidoa na Bay wengi wao ni Kimaay, mwenyekiti wetu wa Kismayu na mama wa Baidoa wakiongea wanasikizana nusu, nusu nyingine ni kukisia, na kukisia kwenye habari ya dozi ya dawa si mchezo. Wabarawa, watu wa pwani ya Somalia, wana Chimiini chao ambacho sisi watu wa Mji wa Kale tukikaza sikio twakielewa kama jirani. Wabajuni wa visiwa vya Kismayu ndio vituko zaidi, wao Kiswahili wanacho tangu wazaliwe, basi akikutana na polisi aambiwa wewe ni wa Lamu toa kitambulisho, akienda kuomba kitambulisho aambiwa wewe ni Msomali. Kwa hivyo ukituletea kijana wa Garissa anayejua Kisomali safi twashukuru, lakini hatoshi peke yake.

Nirudi kwa hilo la warudishwe Dadaab. Huyo ndugu inaonekana ni kijana, ama amesahau. Serikali ya Siad Barre kule Somalia ilipoanguka Januari 1991 watu walikuja hapa kwa majahazi, wameshonana, wengine na watoto bila viatu, na Mombasa ilikuwa na kambi zake yenyewe. Utange ilikuwa hapo Kisauni, na Hatimy, na Benadir, na Swaleh Nguru, na Wabajuni walikuwa Jomvu, na kule juu ya Malindi kulikuwa na Marafa. Mamangu alikuwa akipeleka mahamri. Kabla ya miaka ya 90 kuisha kambi zote za pwani zilikuwa zimefungwa, wengine wakapelekwa kambi za Dadaab na Kakuma, Wabarawa na Wabenadiri wengi wakachukuliwa Marekani, wengine walirudi na wengine wakabaki wakaoana na sisi, na watoto wao leo wanaendesha matatu za Bamburi hujui huyu ni nani. Ilhan Omar yule mbunge wa Marekani aliyechaguliwa 2018 utoto wake kaupitisha Utange, na kila mtu humu mjini anapenda kumtaja kama vile alilelewa na yeye. Waliokuwa naye foleni moja ya maji na hawakupata ndege hatuwataji.

Na hiyo Dadaab yenyewe aisemavyo kama hoteli. Ilianzishwa hiyo hiyo 1991 iwe ya muda, 2011 ule mwaka wa njaa ikawa na watu zaidi ya laki nne, na 2025 chakula cha kambini kilikatwa manake wafadhili walipunguza pesa. Mtu akiona posho imekuwa nusu na mtoto ana ugonjwa ambao hautibiki kule, atafanya nini? Wengi tulio nao hapa wametoka na ruhusa, ya matibabu, ya masomo, ama ya usalama kwa sababu alitishwa, wameipata ofisini kihalali. Wapo wasio na ruhusa pia, sitakudanganya, na hao huwa twawaambia ukweli na kuwaelekeza kwa wanasheria, Kituo cha Sheria wana ofisi hapa Mombasa, si kazi ya chama kumficha mtu.

Amri ya wote-kambini ishatolewa zamani. Desemba 2012 serikali ilisema wakimbizi wa mijini wote waende kambini na Julai 2013 Mahakama Kuu ikaitupa. 2014 ikarudi tena, ikaja ile operesheni ya polisi ya Aprili iliyoitwa Usalama Watch, watu wakajazwa uwanja wa Kasarani, na hata huku watu walilala ndani. Nakumbuka kina mama walikuwa hawatoki kwenda sokoni, wanatuma watoto wa majirani. Baada ya yote hayo serikali hiyo hiyo ikaja na Sheria ya Wakimbizi ya 2021 iliyoanza kazi Februari 2022, ambayo inamwachia mkimbizi aliyetambuliwa afanye kazi ama biashara, na Machi 2025 ikazindua mpango unaoitwa Shirika wa kutaka kambi zigeuke mitaa ya watu kuishi pamoja na wenyeji. Somalia nayo tangu 2024 ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kama Tanzania na Uganda. Yaani serikali ishahama huko, huyo msomaji wetu bado yuko 2014.

Halafu kuna hili la ati Wasomali ni matajiri, angalia majumba. Ndugu yangu, mwenye jumba unalolitazama uwezekano mkubwa ni Mkenya kama wewe, babake alizaliwa Wajir ama Garissa ama hapa hapa Makupa. Na hao Wasomali Wakenya nao wana yao. 1989 walichujwa peke yao wakatengenezewa kadi yao ya kuonyesha kwamba walichujwa, na miaka yote baadaye kijana akitaka kitambulisho kamati imkalie, mpaka Februari 2025 ndio Rais akatangaza huo mchujo wa ziada uishe. Tena kuna Wakenya kabisa ambao wakati wa ukame wazazi waliwaandikisha kambini ili wapate chakula, alama za vidole zikaingia kwenye mitambo ya wakimbizi, leo wana miaka thelathini hawapati kitambulisho cha Kenya manake kompyuta yasema ni mkimbizi. Ndio maana kuna jirani zetu wanaotupa salamu barabarani na hawataki kuonekana na sisi barazani, waogopa kuhesabiwa. Siwalaumu hata kidogo. Sisi watu wa pwani twajua maisha bila kadi, tumewaona Wamakonde wakitembea kwa miguu kutoka Kwale 2016 kwenda kumwona Rais Nairobi wakidai uraia, tumewaona Wapemba wakiungoja mpaka 2023.

Nikija kwenye karatasi, hapa nataka mama yeyote anisikie hata asiye Msomali. Mtoto akizaliwa Kenya, wa mkimbizi asiwe mkimbizi, anastahili cheti cha kuzaliwa. Ukizalia hospitali chukua ile karatasi yao usiiache, ukizalia nyumbani nenda kwa chifu msaidizi, na ufanye kabla ya miezi sita manake baada ya hapo inaitwa kuchelewa na mlolongo wake ni mrefu. Hicho cheti hakimfanyi mtoto kuwa Mkenya, kuna watu wanawauzia kina mama maneno hayo, lakini kitamwingiza skuli, kwa sababu mwalimu mkuu leo akikataa mtoto si roho mbaya, mara nyingi mtambo wa wizara unamdai namba ya cheti na hana. Tumekuwa na watoto wanaokaa nyumbani mwaka mzima kwa kitu ambacho kingekwisha asubuhi moja mtu angeenda nao. Walimu wakuu wengine, Mungu awape heri, wanampokea mtoto akae darasani huku karatasi ikitafutwa. Wengine wanamwonyesha lango.

Na kuna madalali. Hapa sitamumunya. Kuandikishwa ukimbizi ni bure, UNHCR, lile shirika la UN la wakimbizi, ni bure, ofisi ya serikali ya wakimbizi ni bure, fomu ni bure, na kuna watu wenye koti na faili wanachukua elfu tano elfu kumi kwa mjane ati wampeleke mbele ya foleni ama wampatie safari ya Kanada. Baadhi yao wanajiita mwenyekiti wa chama. Vyama vya mfukoni tunavyo, vingine vina barua yenye nembo nzuri kuliko ya kaunti, na vingine ni vya ukoo mmoja, ukija wa ukoo mwengine uambiwa leo hakuna mtu. Chama cha namna hiyo hata mimi nasema kifungwe, na nitashika kufuli. Chetu daftari liko wazi, yeyote akitaka kuliona aje, nimeandika mpaka pesa za maji.

Mambo ya kifo nayo watu hawayafikirii. Kuna mzee alifia hospitali usiku, sisi twajua maiti ya Mwislamu haikai, kaburi lishachimbwa Kikowani, sanda iko, watu wamesimama, na kibali cha kuzika hakitoki kwa sababu jina la kwenye kadi yake ya ukimbizi na jina alilosema mwanawe pale mapokezi ni tofauti, mmoja aliandika kwa Kisomali mwengine kama alivyosikia. Ilichukua mpaka baada ya alasiri ya siku ya pili, na aliyelimaliza ni kijana wetu mmoja wa chuo aliyekaa pale dirishani akiandika majina mara mbili mbili, hivi na hivi, mpaka karani akakubali ni mtu mmoja. Jirani yetu Mgiriama anayeuza mboga ndiye aliyelipa gari. Hamna gunia la mchele linalofanya hiyo kazi.

Tulijaribu pia darasa la Kiswahili la kina mama. Mwalimu wa kwanza alikuja na kitabu akaanza na ngeli, A-WA, U-I, kina mama wakatazamana, wiki ya pili walibaki wawili na mmoja alikuja kwa sababu ya feni. Ndipo binti mmoja wa hapa mtaani akasema twendeni Kongowea. Akawafundisha kule kule, fungu ngapi, punguza, hii imeoza nibadilishie, niwekee kilo nusu, chenji yangu iko wapi. Sasa hivi kuna mmoja akibishania nyanya hata mimi namwogopa. Kutoka hapo ndio wakahamia maneno ya kliniki, inauma hapa, tangu lini, nina mimba, mtoto anatapika. Hilo darasa tungelifanya kubwa lakini mvua ikinyesha hatuna pa kukaa, na madrasa nyingi hapa zina vyumba vitupu tangu adhuhuri mpaka watoto warudi. Tumeomba mahali pawili, pa kwanza twangoja jibu, pa pili twaambiwa kamati haijakaa. Kamati zetu hizi hukaa lini?

Basi ombi langu si kubwa. Wafadhili wa Ramadhani, hata wakipunguza gunia moja kila lori wakatuachia nauli ya mwaka, twaweza kusindikiza watu wengi sana, manake tuktuk kutoka Bondeni si bei ya ndege. Hospitali zetu za umma, kaunti ikitaka inaweza kumwajiri japo mtu mmoja wa Kisomali akae pale, na ikiwa hakuna bajeti basi wabandike namba zetu ukutani, sisi twashika simu. Kule Minneapolis ambako jamaa zao wengi wamehamia, hospitali ndiyo inayotafuta mkalimani, mgonjwa haulizwi umekuja na nani. Huku hatuombi kama ya Marekani, twaomba mtoto asitolewe darasani kwenda kueleza ugonjwa wa mamake.

Na kwa wale mnaojua lugha mbili, hasa Kimaay, wanafunzi, kina mama wa duka, madereva wa magari ya Garissa mnaolala hapa mkingoja abiria, mtu akiweza kutoa asubuhi moja tu kwa wiki aje barazani baada ya alasiri, aulize yeyote Bondeni ataonyeshwa. Jumanne ijayo kuna mama wa Baidoa ana kliniki saa mbili asubuhi na mpaka naandika hii hatujapata wa kwenda naye.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama Mabuibui,
Bondeni, Mombasa